Nilimfundisha patroni kukata pindo la mama

Mhariri, naomba usiweke jina langu wala la mtaa wetu, maana hapa Kigali Waislamu wa mtaani tunajuana wote. Nina miaka kumi na sita, niko mwaka wa nne wa sekondari. Si msemaji. Hata darasani nikijua jibu huandika pembeni ya daftari na kunyamaza. Yaliyonipata sijamwambia mtu yeyote.

Mama yangu ni fundi cherehani. Baba alipofariki alianza na mashine moja barazani, akashona sare za shule, magauni ya buluu ya wasichana na kaptura za kaki za wavulana, hadi akafikisha mashine sita. Watu walimpendea pindo lake. Kila gauni alikunja ndani kitambaa cha kiganja kizima, na mtoto akirefuka mzazi alilirudisha, mama akalifumua na kulishusha bila malipo. Gauni moja lilivaliwa miaka mitatu, kisha likarithiwa na mdogo mtu.

Vita vilipoanza kaskazini na barabara ya Uganda kufungwa, kitambaa kikaadimika. Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Bujumbura, sote tunamwita Patroni, yaani bosi. Alileta mtaji, marobota ya kitambaa na mashine kumi na nne. Mama alifurahi hadi akalia. Karatasi za ushirika zilikuwa za Kifaransa, nikamsomea mimi. Nilimwambia wazi kwamba Patroni ndiye atakuwa na sehemu kubwa. Akasema, "Sehemu ni ya karatasi, mwanangu. Wateja ni wangu."

Likizo iliyofuata nilisaidia ofisini. Patroni alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza ninasoma nini, na kusikiliza jibu. Siku moja akasema, "Wewe unapenda hesabu. Niambie kitambaa chetu kinapotelea wapi." Ndugu wasomaji, niliona ni mtihani, nami nilitaka kufaulu. Nilikwenda kwa Idi, mkata vitambaa wetu, aliyeanza na mama tangu barazani, nikamwambia nataka vipimo vya pindo kwa zoezi la shule. Alinipimia kwa futi yake huku akitania, "Haya, mwalimu, ukipata kumi juu ya kumi nigawie tano." Nikapiga hesabu nzuri sana. Pindo likikatwa libaki upana wa kidole, kila magauni kumi yanazaa la kumi na moja. Patroni alisoma karatasi yangu mara mbili. Kesho yake akaniletea kamusi mpya ya Kifaransa.

Wiki haikuisha, akaamuru pindo likatwe. Mama alimfuata mbele ya mafundi wote.

"Patroni, mtoto akirefuka itakuwaje?"

"Atanunua nyingine. Wewe ulikuwa unawafukuza wateja wako wewe mwenyewe, miaka mitatu mitatu."

"Hii ni kazi yangu!"

"Ilikuwa. Na usinikasirikie, mama. Mtu wako wa ndani ndiye aliyenionyesha."

Alisema hivyo akicheka, wala hakunitazama. Mama aligeuka moja kwa moja kwa Idi, kwa kuwa vipimo vile alivijua yeye. "Umeniuza, Idi?" Idi alifungua mdomo, akanitazama mara moja tu, akaufunga. Mama akamwambia aache mkasi mezani atoke, na asipite tena mbele ya mlango wake. Mzee yule aliondoka na kofia mkononi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikampisha njia.

Baada ya muhula mmoja wateja wakaanza kurudi. Mama mmoja alitembea kutoka Kinyinya na binti yake, gauni limepanda juu ya magoti. Alilifumua pindo palepale kwa meno.

"Mama, iko wapi kitambaa ya ndani?"

"Siku hizi tunakata hivyo," mama yangu akajibu polepole.

"Yewe! Umepata mashine mingi, sasa unashonea sisi kama unavalisha mbuzi? Mtoto wangu wamemrudisha nyumbani toka shule, wanasema iko uchi!"

Wanawake waliokuwa foleni wakacheka. Yule mama akamvua mtoto gauni, akamfunga kitenge chake, akalitupa gauni usoni kwa mama yangu. Mama aliliokota akalikunja vizuri kama jipya. Patroni akapaza sauti kutoka ofisini, "Muuzieni kubwa zaidi!"

Tangu siku hiyo mama husema chanzo cha yote ni Idi. Amewaambia hivyo wateja, majirani, hata wanawake wa msikitini. Hakuna fundi anayemchukua. Idi sasa anabeba mizigo sokoni, na tukikutana hunisalimia kwanza yeye, "Mwalimu, masomo?" kana kwamba sikumfanya kitu.

Juzi padri mmoja mwenye karakana ya ushonaji alileta barua. Anataka kumwajiri Idi, anauliza mama kama ni mwaminifu, na baada ya Pasaka atafuata jibu na kulipitia naye kwa Kiswahili. Jibu liwe la Kifaransa, kwa hiyo mwandishi ni mimi. Mama ameniambia, "Andika kwamba anauza siri za waliomlisha. Andika kwa ile kamusi yako, maneno yawe makali." Nimemdanganya kwamba bado natafuta maneno.

Nikisema kweli, mama atajua kwamba aliyemvunjia kazi ya maisha yake ni mtoto anayejivunia kwa kila mteja. Nikiandika alivyosema, Idi atabeba mizigo hadi afe, naye atajua fika ni nani aliyeandika. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu ni wazazi. Nielekezeni kabla padri hajarudi: katika barua hii niandike jina la nani?