Mtunza Chupa za Vyura

Mtunza chupa wa kituo chetu cha utafiti huku Usambara huandika kwa penseli tu, kwa kuwa spiriti ya kuhifadhia vyura hula wino. Hula na rangi pia: chura wa matete akitumbukizwa humo akiwa kijani, siku chache baadaye amekuwa mweupe kama ugali. Kwa hiyo humwandikia kila mmoja rangi yake kwanza, "mgongo ganda la limau, mapaja nyanya mbivu," ndipo humfunga lebo mguuni kwa mafundo mawili. Vidole vyake vimepasuka kwa dawa, na anapofuta chupa huguna kama anayeitikia salamu.

Jumatatu alikuja Daktari Hoza kumpa jina la kisayansi chura mmoja wa kule bondeni, aliyekaa chupani miaka mingi.

"Mzee wangu, mstari huu wa ubavuni ulikuwa wa njano au mweupe? Bila hilo siwezi kumtenga na ndugu zake, na jina hapati."

"Si nimeandika hapo!"

Nikaifungua lebo, nikamsomea mzee, maana macho yake yamechoka. Tarehe ya miaka kumi na moja iliyopita, bonde, jina la mzee mwenyewe. Kisha: "Rangi: kesho."

"Mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Na walikuwa tele, mwanangu. Kelele zao zilikuwa zinatukera."

"Basi twende tukatafute mwingine," akasema daktari.

"Wapi? Kule sasa ni kabichi tupu."

Mzee akafumba macho, akautafuta ule mstari kichwani. Kisha akairudisha lebo mguuni mwa chura bila kuongeza neno, akaifunga kwa mafundo mawili.