Jumapili ya Kugombea Ngao

Mume wangu alikuwa golikipa wa timu ya makuli wa bandarini, vijana wa Temeke. Mwaka ule, Mwingereza bado anatutawala, walichukua ligi. Kombe likaenda kwa timu ya makarani wa mjini. Ikapangwa mechi moja ya mabingwa hao wawili, Jumapili saa kumi jioni, kugombea ngao. Baadaye niliishika ngao yenyewe: ubao uliopigiliwa bati la kung'aa, mwepesi kama ungo.

Mwaka uliotangulia, kwenye fainali ya kombe, mume wangu alipitishwa mpira katikati ya miguu. Nilikoma mimi. Bombani wanawake waliambiana, "Mpisheni mke wa nyavu achote." Mdomo wangu si mfupi, niliwajibu mmoja mmoja, lakini nikirudi nyumbani nilikuwa nalia kwa hasira. Kwa hiyo ngao ile niliitaka pengine kuliko yeye.

Siku tatu kabla ya mechi, wazee wa timu waliwaweka wachezaji kambini, katika nyumba moja Keko. Masharti yalikuwa makali. Mke asisogee, na mwenye habari ya msiba asikanyage hata uani, maana mkosi ungewafuata mpaka uwanjani. Mchezaji aliyefiwa alitolewa papo hapo. Sote tuliamini, wenye kanzu na wenye misalaba.

Binti yetu alikuwa na miaka miwili. Ijumaa alishikwa na homa. Jumamosi ikapungua, akanywa uji, nikajipongeza kwamba sikumhangaisha baba yake bure. Alfajiri ya Jumapili alinifia mapajani.

Mdogo wake mume wangu alikuwa ameshavaa kofia.

"Shemeji, naenda kumwita kaka."

"Usiende."

"Mtoto wake huyu!"

"Ukienda watamtoa, na watu watasema kaogopa. Mwache acheze. Mie nitamwambia jioni."

"Basi maziko yangoje kesho."

Mama yangu akakataa kabisa. "Maiti halazwi," akasema.

Shemeji alinitazama, akavua kofia, akakaa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na niliona nimefanya ushujaa. Niliona nimembebea mume wangu mzigo ili acheze akiwa mwepesi.

Mtoto walimtoa nyumbani baada ya sala ya alasiri. Kwetu baba ndiye hushuka kaburini kumpokea mwanawe, akashuka shemeji. Sisi wanawake tulibaki ndani, tumejifunika kanga. Uwanja haukuwa mbali. Kelele zikaja ghafla, kubwa, kisha zikatulia. Mama akaendelea na tasbihi yake. Mungu anisamehe, mimi nilitega sikio nijue ni kelele za upande gani. Mwanangu anafukiwa udongo, mama yake anasikiliza magoli. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Timu yetu ilishinda moja kwa bila. Desturi ilikuwa kuwazungusha washindi nyumba kwa nyumba, nao wakaanza na kwetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeokoa penalti dakika za mwisho. Ngoma mbele, yeye juu ya mabega ya watu, ngao kaishika kichwani. Waliotangulia walipowaona wanaume wameketi mikekani nje, wakanyamaza. Wa nyuma waliendelea kuimba mpaka na wao walipofika wakaona.

Akashuka. Akaingia chumbani na miguu yake ya vumbi, akatazama kitanda, mtoto hayupo, kisha akanitazama mimi.

"Lini?"

"Alfajiri."

"Mbona hamkuniita?"

Nikamweleza. Masharti ya kambi, maneno ya bombani, goli la mwaka jana. Nilieleza haraka haraka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona aibu, lakini nilishindwa kunyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na laiti angefoka ningepata pa kujishika.

"Golikipa wa akiba tulikuwa naye," akasema. "Baba wa akiba nyie mlimtoa wapi?"