Gurudumu la Ukaguzi

Katika kijiwe cha bajaji cha Nyasubi, mjini Kahama, kulikuwa na gurudumu moja lililoishi kwa raha kuliko mwanachama yeyote. Halikujua matope wala mashimo. Mwaka mzima lilining'inia ukutani katika banda la fundi Bartholomeo, limefunikwa kipande cha kanga, na lilishushwa siku ya ukaguzi tu. Tairi lake lilikuwa jipya, na ringi yake ilipakwa rangi nyekundu lisije likachanganywa na mengine. Madereva waliliita Bibi Harusi.

Bartholomeo mwenyewe hakulipenda jina hilo, ingawa gurudumu lilikuwa lake na wazo lilikuwa lake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye vidole vinene vilivyokolea grisi hadi chini ya kucha. Alizaliwa Tinde, akakua akichunga ng'ombe wa baba yake, na siku baba yake aliponunua baiskeli, mtoto aliifungua yote aone kilichomo ndani. Alichapwa fimbo za kutosha, kisha akaambiwa airudishe ilivyokuwa. Akairudisha, na ikatembea vizuri kuliko mwanzo, jambo lililomtia baba yake hasira zaidi.

Kwa miaka mingi alikula kwa baiskeli. Ni enzi zile ambapo mtu akishuka basi Shinyanga au Kahama alipanda nyuma ya baiskeli, akapakata mzigo wake, akapelekwa hadi mlangoni. Pikipiki zikaja zikazifukuza baiskeli, halafu bajaji zikaja kugombea abiria na pikipiki. Mafundi wenzake walikaa wakilaumu dunia. Bartholomeo alitafuta spana za saizi nyingine akaanza upya, na katika muda si mrefu akawa hana haja ya kuambiwa ugonjwa wa bajaji. Aliisikia ikija kutoka upande wa soko, akatikisa kichwa, na dereva alipofika alikuta fundi ameshatoa kifaa kinachotakiwa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu tairi la mbele la bajaji. Ya nyuma yakiisha, dereva hubadilisha upesi, kwa sababu mvua ikinyesha udongo mweusi wa huku humkwamisha na abiria hushuka akaenda zake kwa miguu. La mbele likiwa kipara, bajaji bado inatembea. Inateleza kidogo kwenye kona, basi. Kwa hiyo la mbele husubiri, na dereva husema wiki ijayo, na wiki ijayo ana shida nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Amosi, dereva wa zamani kuliko wote pale kijiweni, miaka tisa iliyopita. Asubuhi ya ukaguzi alikuja bandani amenywea, tairi lake la mbele likiwa laini kama kiganja. Bartholomeo alimhurumia. Alikuwa na gurudumu zima alilokuwa ameliandaa kwa ajili ya mtu mwingine, akamfungia Amosi kwa siku moja, na Amosi akarudi na stika. Mwaka uliofuata wakaja watatu. Baadaye wakawa wanakuja wengi, na utaratibu ukajipanga wenyewe: anayepita ukaguzi anazunguka nyuma ya ukuta wa uwanja wa mpira, ambako ukaguzi hufanyika, wenzake wanailaza bajaji ubavu, nati zinafunguliwa, na Bibi Harusi anabiringishwa kwa anayefuata kwenye foleni. Hakuna aliyeliita jambo hilo udanganyifu. Waliliita kusaidiana, na Bartholomeo alipita mjini kifua mbele akiwa fundi ambaye bajaji zake hazijawahi kurudishwa.

Mtu mmoja tu alikuwa akisema hadharani kwamba hamhitaji Bibi Harusi. Huyo alikuwa Philomena, binti wa mwisho wa Bartholomeo, aliyekuwa na bajaji yake kwa mwaka wa pili. Alibeba akina mama wa mchele kutoka sokoni, na vijana wa mgodini Bulyanhulu waliokuja mapumziko na mabegi yao makubwa, na kila asubuhi kabla ya hao wote alimbeba mwanawe Noela, wa darasa la kwanza, kwenye kiti cha nyuma, juu ya mto mdogo alioushona mwenyewe. Wenzake wakimtania habari ya ukaguzi, alijibu kwamba wao wahangaike, ya kwake inatengenezwa na baba. Siku ya ukaguzi wa mwaka uliopita alimwachia mzee funguo, yeye akaendelea na shughuli nyingine, na jioni akakuta stika kwenye kioo. Wenzake walipomsikia akisema hivyo walitazama pembeni.

Bartholomeo naye alitazama pembeni, na alikuwa na sababu kubwa kuliko yao. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimepamba moto, silinda ya breki ya gurudumu la mbele la Philomena ilianza kuvuja. Kifaa hakikupatikana Kahama, ilibidi kiagizwe Mwanza. Alichofanya ni kile ambacho mafundi wengi hufanya: aliliziba bomba linalopeleka mafuta ya breki mbele, ili zile mbili za nyuma zishike, bajaji isikae bila kazi. Alikusudia iwe kwa wiki moja. Hakumwambia, maana alimjua binti yake, angeiegesha siku hiyo hiyo. Kifaa kilikuja, lakini kwa haraka ya siku hiyo akamfungia mteja aliyekuwa akilalamika, akaagiza kingine, kikachelewa. Philomena alipouliza mbona tairi la mbele limeisha, alimjibu kwamba bado linafaa. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, na kila akiona ule mto mdogo wa Noela ukipita mbele ya banda, roho ilimsuta, kisha injini nyingine ikaletwa, naye akainama akaendelea na kazi.

Mwaka huu mkaguzi alikuwa mgeni, trafiki aliyehamia karibuni, msichana mwembamba aitwaye Agnetha. Aliwaamkia wazee shikamoo kabla ya kugusa chochote, na jambo hilo liliwafanya madereva wamwone mpole. Alikuwa mpole kweli, lakini hakuwa na haraka. Kila bajaji ilipofika aliwasha taa na indiketa, akapiga honi, akatikisa usukani, kisha akachuchumaa mbele, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akainuka akaandika. Hakuna aliyejali kwamba mkono ule ulikuwa na kalamu ya rangi.

Zilipita saba. Ya nane ilikuwa ya Philomena, na Bartholomeo aliiingiza mwenyewe uwanjani. Philomena naye alikuwepo safari hii, maana abiria wake mmoja alimsubiri sokoni na alikuja kuichukua bajaji pale pale. Alisimama na Amosi na madereva wengine, funguo za nyumbani mkononi, akitabasamu.

Agnetha alichuchumaa. Alikaa chini muda mrefu kuliko kwa wengine, halafu akamwita mzee asogee aone. Upande wa ndani wa ringi nyekundu kulikuwa na mistari saba midogo myeupe, imepangwa vizuri. Hakupaza sauti. Alibandua stika moja kutoka kwenye karatasi yake akaishika kidoleni.

"Mzee wangu, kilichofaulu hapa leo ni gurudumu hili. Nilibandikie?"

Dereva mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Bartholomeo alisikia masikio yake yakiwaka moto. Miaka tisa ya sifa ilikuwa imechuchumaa pale chini mbele ya binti wa umri wa mwanawe. Agnetha alisema zote saba zirudi uwanjani na magurudumu yake yenyewe, na kwamba atazikagua moja moja hata ikichukua siku nzima.

Hapo ndipo Bartholomeo alipofanya jambo ambalo kijiwe hakikulitegemea. Alisema haitachukua siku nzima, kwa sababu magonjwa yote anayo kichwani. Bajaji ziliporudishwa, akatangulia, trafiki akafuata na daftari. Ya Amosi usukani unacheza na beringi za mbele zimekwisha. Ya Luka taa ya breki haiwaki, na waya zimeungwa kwa nailoni. Ya Selestine breki ya mkono imefungwa kamba, na moshi wake ni wa injini inayokula oili. Aliendelea hivyo bila kutazama karatasi wala kugusa chombo, na kadiri alivyotaja ndivyo madereva walivyozidi kusogea karibu. Kila mmoja alikuwa akijifunza kuhusu bajaji yake kitu ambacho fundi wake alikijua siku zote. Amosi alinong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa, anawachoma wenzake.

Wakafika tena kwa Philomena. Bibi Harusi alikuwa ameshafunguliwa, na lile tairi la zamani limerudishwa mahali pake. Kipara kilionekana hata kwa asiye fundi. Agnetha akaandika tairi, akatikisa usukani, akakanyaga breki, zikashika. Akafunika daftari.

Bartholomeo angeweza kunyamaza. Hakuna mkono wa trafiki ambao ungeligundua lile bomba, na kesho yake asubuhi angeweza kulizibua kimyakimya, pasiwe na mtu duniani wa kujua. Alimtazama binti yake. Philomena alikuwa bado na kile kitabasamu, kimepungua kidogo, cha mtu anayeamini kwamba tatizo lake ni tairi tu.

"Afande, fungua tena," alisema Bartholomeo. "Breki ya mbele hakuna. Niliiziba mwenyewe, mwezi wa tatu."

Agnetha akaandika. Philomena alisogea hadi karibu na baba yake, akamwambia taratibu, kana kwamba anataka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Baba, Noela anakaa humu kila siku."

"Najua, mayu," alisema mzee, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Philomena aliingia nyuma ya bajaji, akauchukua ule mto mdogo, akaukung'uta vumbi, akaondoka nao kwa miguu kupitia katikati ya uwanja. Bartholomeo alibaki amesimama na mikono yake ya grisi, na aliumia kuliko alivyoumia siku yoyote ya maisha yake, zikiwamo zile za fimbo za baba yake.

Matokeo yalibandikwa kijiweni siku ya pili: bajaji kumi na nne zilikaguliwa, kumi zilirudishwa, na wenyewe wakapewa siku saba kuzitengeneza. Kwa siku mbili watu walimpita fundi bila salamu. Siku ya tatu wakaanza kumletea bajaji mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa ameshawatajia kila kinachotakiwa. Bartholomeo alimshusha Bibi Harusi ukutani kwa mara ya mwisho, akamfungia Amosi, amtumie mpaka aishe. Kipande cha kanga akafutia mikono.

Lakini kazi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Philomena. Kifaa alikifuata Mwanza mwenyewe, akarudi nacho kwa basi. Alizibua bomba, akafunga silinda mpya na tairi jipya, akajaza mafuta ya breki, akaijaribu kwenye mteremko wa nyuma ya soko, peke yake, mara kadhaa. Siku hizo zote Philomena na Noela walikwenda shuleni kwa miguu, wakipita mbele ya banda. Mtoto alimwamkia babu shikamoo kama kawaida. Mama yake pia alimwamkia, maana ni baba yake, ila hakusimama.

Siku bajaji ilipokaguliwa tena ikapata stika, Philomena alikuja bandani akamwambia baba yake amwonyeshe. Bartholomeo alidhani anataka kuona kilichobadilishwa. Kumbe alitaka kufundishwa kukagua. Basi mzee akachuchumaa naye, akamwonyesha jinsi ya kupima tairi kwa kidole, mahali pa kutazama kama mafuta yanavuja, na kiasi ambacho pedali inapaswa kushuka kabla haijawa ngumu. Alishika kila kitu upesi. Vidole ni vya baba yake.

Tangu hapo, kila asubuhi Noela husimama mbele ya banda, bajaji inapoegeshwa usiku, na begi lake mgongoni, ameukumbatia mto wake, akimsubiri mama yake. Philomena anapitisha mkono kwenye tairi la mbele, anainama kuangalia chini, anakanyaga breki mara tatu. Bartholomeo yuko pale pale mlangoni mwa banda na kikombe chake cha chai, na mara nyingi bajaji hiyo ameshaikagua yeye kabla jua halijapanda. Hajawahi kumwambia. Hungoja mpaka binti yake amalize, amwambie Noela apande.