Mjerumani Aliyelificha Jina la Kaka Yangu

Hata leo, mwanangu, nikisikia Kijerumani ghafla ndani ya treni moyo hunidunda. Kaa hapa nikwambie kwa nini.

Mimi na mama tulikimbia Unguja baada ya Mapinduzi, tukafikia London. Kaka yangu Nassor alibaki kizuizini. Waliokuja nyuma yetu walitwambia kuwa Wajerumani wa Mashariki ndio wanaowafundisha askari kanzu wa kwetu kupeleleza watu. Basi fikiria, kazi ya kwanza niliyoipata, kule Lewisham, bosi ni Mjerumani!

Akiitwa Bwana Ernst, akiuza mashine za kuokea mikate. Mpole, lakini maswali hayamwishi. "Nani wamebaki kwenu?" Nami humjibu, "Hakuna." Jioni nikirudi nyumbani mama hunipokea mlangoni: "Leo kakuuliza nini?"

Siku moja habari zilitufikia kuwa Nassor anaumwa. Nikalia kazini, na kila kitu kikanitoka mdomoni mbele ya Bwana Ernst. Nilijuta kabla sijamaliza. Yeye alifunga mlango tu, akanipa maji. Tangu siku ile usingizi ukanihama.

Baadaye akaamua kuuza biashara na kurudi Ujerumani Magharibi kugombea ubunge wa jimbo lao. Wakaja mtu wa chama chake na mwandishi wa gazeti kumhoji pale ofisini. Yule wa chama aliposikia natoka Zanzibar, macho yakamng'aa.

"Hiki ndicho tunachokitaka! Una ndugu aliyefungwa? Jina lake nani?"

Nikamtazama Bwana Ernst. Neno lake moja tu, likitoka gazetini na kusomwa Unguja, lingetosha kummaliza Nassor.

"Huyu ni karani wangu," alisema. "Mwacheni."

"Ernst, uchaguzi ni mgumu. Kisa kama hicho ni kura."

"Basi nishindwe."

Walipoondoka, alikaa kitini. Akaniambia naye alitoroka kutoka Ujerumani Mashariki, na alipofika Magharibi akalieleza gazeti jinsi dada yake alivyomsaidia kuvuka mpaka. Haukupita muda dada yake akakamatwa. "Watu walinipigia makofi, Salma," alisema. "Yeye sijamwona tena."

Uchaguzi ule alishindwa. Uliofuata alishinda, akakaa bungeni kwao mpaka uzeeni. Nassor alitoka, akatufuata huku, kakonda, akilala na taa inawaka. Sijui kama kimya cha Bwana Ernst ndicho kilichomwokoa. Sitaki hata kuwaza ingekuwaje angesema.

Ndiyo maana, mwanangu, jana ulipotaka kusambaza kwenye simu picha na kisa cha rafiki yako anayeomba hifadhi, nilikushika mkono. Najua unamwonea huruma. Lakini kisa ni chake, na kwao ana mama na wadogo zake ambao yeyote atakayekisoma anaweza kuwafikia. Muulize kwanza. Akisema hapana, nyamaza, wala usimwambie kuwa anaogopa bure. Hofu yake anaijua yeye.

Mungu akupe ulimi wenye huruma, akuhifadhi wewe na wote unaowabebea siri, na kila mtu wako aliye mbali akuletee siku moja, mzima, mpaka mlangoni pako.