Kicheko cha Nyuma ya Makuti

Mwanarusi binti Boga wa Mwabungo alikuwa na kicheko kilichowashinda watu. Hakikuwa kikubwa. Kilianza chini, kikapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, kikakwama kidogo, halafu kikamwagika chote, na aliyekuwa karibu akajikuta anacheka bila ya kujua kinachochekwa. Alipokuwa msichana mamake hakumchukua matangani.

Mwaka wa 1957 alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikuwa mke wa Mbwana Chirau, mama wa mtoto mmoja aitwaye Biasha, na dobi katika hoteli moja ya Wazungu huko Diani. Mumewe alikuwa mkubwa wa watumishi wa mezani pale pale. Mbwana alikuwa mtu wa kujiheshimu, kupita kiasi, wengine walisema. Kanzu yake aliipiga pasi mwenyewe, hakumwachia hata mkewe. Tarbushi aliivaa imenyooka, na aliposhika sinia alikwenda nalo kama khatibu anayeiendea mimbari. Watoto wa jirani walinyamaza alipopita. Mwanarusi alimcheka kwa hayo, wakiwa wawili tu chumbani, naye alipenda kuchekwa na mkewe, wala hakuna mtu mwingine aliyethubutu.

Novemba ya mwaka huo akafikia hotelini Mmarekani mmoja, Bwana Whitcomb. Kwao alikuwa mtengenezaji wa michezo ya televisheni, kitu ambacho watumishi wa hoteli hawakuwa wamekiona. Kitsao, karani wa hoteli, aliwaeleza wenzake jikoni: ni sanduku lenye kioo, watu wanaigiza mjini, na sura zao na sauti zao zinaonekana majumbani saa ile ile. Kila Jumamosi, msimu mzima, vinaletwa vichekesho, kisha wimbo, kisha ngoma, kisha mazingaombwe, kisha vichekesho tena. Whitcomb alikuwa amegombana na wakubwa wake, msimu wake ukakatwa katikati. Sasa alitaka kuumalizia Diani, barazani pa hoteli, kila Jumamosi saa kumi alasiri, kwa majuma kumi na matatu, wageni wenyewe wakiwa waigizaji. Mwenye hoteli, mjane wa Kiingereza, alikubali kwa sababu wageni walikwisha kuchoka na bahari.

Juma la kwanza hakucheka mtu. Wageni walipiga makofi ya adabu, wakaagiza chai.

Jumatatu yake Mwanarusi alikuwa anaanika mashuka. Upepo ukanyakua wigi la bibi mmoja lililowekwa dirishani, likaanguka mbele ya mbwa wa hoteli, naye mbwa akalibwekea kwa hofu huku anarudi kinyumenyume mpaka akaketi ndani ya beseni la maji ya sabuni. Mwanarusi akacheka. Barazani watu wapatao kumi wakacheka pamoja naye, na wote walikuwa wamegeukia baharini, hawakuona kitu. Whitcomb aliinuka kitini.

"Kwetu tuna mashine ya kicheko, ikicheka na watazamaji hucheka," alimwambia Kitsao. "Hapa nitamtumia huyu."

Wakasimamisha kiambaza cha makuti kando ya jukwaa, wakamweka Mwanarusi nyuma yake juu ya kigoda cha jikoni. Jukwaa hakuliona. Kupitia upenyo mmoja aliuona mkono wa Whitcomb tu, umeshika leso nyekundu. Leso ikipanda, acheke, ikishuka, anyamaze.

"Nitacheka nini, nami siwaoni wala sijui maneno yao?" alimwuliza Kitsao.

"Hukuambiwa ujue. Umeambiwa ucheke."

Basi akajifunza kucheka kwa kukumbuka. Alimkumbuka mbwa na wigi mpaka mbwa akaisha ladha. Akawakumbuka mashangazi zake. Mwisho akaona kwamba kisichoisha ni Mbwana, anavyoikunja midomo anapoipiga pasi kola ya kanzu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Akikumbuka hilo, kicheko kilikuja chenyewe.

Kuanzia juma la pili wageni walicheka hata wakashika mbavu. Kufikia juma la sita watu walivuka Likoni kutoka Mombasa kuja kutazama. Mbwana hakupendezwa, ila alisema, "Ni kazi. Kama kufua."

Juma la tisa, mgeni aliyezoea kuwa mchekeshaji alishikwa na homa. Asubuhi Whitcomb akamwita Mbwana. Kitsao akafasiri: apande jukwaani na sinia la chai, aliweke mezani, ainame.

"Halafu?" Mbwana aliuliza.

"Halafu urudi," alisema Kitsao, ambaye karatasi ya mchezo alikuwa ameisoma yote.

Alasiri ile Mbwana alipanda na sinia lake. Mguu mmoja ukanyooshwa, akaanguka juu ya vikombe. Bwana mmoja akamwinua na kumpangusa, na kumbe kitambaa kina unga. Mwingine akammwagia ndoo nzima ya unga kichwani. Wa tatu akamvua kanzu kwa nguvu, ati inakwenda kufuliwa, na tarbushi akavishwa mbwa. Mbwana akabaki na kaptula ya ndani yenye kiraka, mikono ameiweka mbele. Hakukimbia. Hakuwa ameambiwa kama mchezo umekwisha, na tangu aanze kazi hakuwahi kuondoka mezani kabla ya kuruhusiwa.

Leso ilipanda. Nyuma ya makuti Mwanarusi akamkumbuka mumewe na kola yake, akacheka. Leso ikapanda tena, na tena. Mbwana alisimama akikisikiliza kicheko alichokijua kutoka chumbani mwake, na watu wote wakikifuata.

Nyumbani hakula.

"Ulicheka mara saba," alisema.

"Baba Biasha, sikukuona. Wallahi nilikuwa nautazama mkono tu."

"Ulikuwa unacheka nini?"

Mwanarusi akaondoa sahani, maana jibu la kweli lilikuwa baya kuliko uongo wowote aliouwaza.

Wageni waliutaka mchezo ule tena, na mwenye hoteli akaagiza urudiwe kila Jumamosi hadi msimu uishe. Kitsao alimletea Mwanarusi maneno: asipofika nyuma ya makuti, mumewe hana kazi. Mbwana naye aliambiwa kwamba asiyetaka kupanda jukwaani akabidhi kanzu. Wala mmoja hakumwambia mwenzake alichoambiwa. Majuma manne yaliyobaki walikwenda na kurudi kwa njia ile ile, yeye Mbwana akitangulia hatua ishirini. Mwanarusi sasa alijua ni nani anayeanguka, na alicheka vizuri kuliko zamani. Alijichukia kwa kuwa kicheko hakikutetereka.

Siku ya mwisho Whitcomb alimpa Mbwana mkono. Mbwana aliomba afasiriwe maneno yake, na Kitsao akafasiri bila ya kupunguza: "Anasema uso kama ule huwezi kumfundisha mtu. Anasema wewe ndiye bora katika msimu mzima."

Juma la pili baada ya hapo Mbwana alikwenda Mwabungo kwa Mzee Boga, baba wa Mwanarusi, na mashahidi wawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kukurudishia mwanao."

Mzee akauliza kosa lake.

"Hana kosa la kusemeka, baba," alisema Mbwana, akatoa talaka.

Mbwana alimchukua Biasha, aliyekuwa na miaka saba, akampeleka Mkongani kwa bibi yake, naye mwenyewe akaacha hoteli, akalima huko. Mwanarusi aliendelea kufua. Wageni wapya hawakujua habari zake. Alikuwa akisikia kitu cha kuchekesha anainamia beseni na kusugua mpaka kipite.

Walionana mara moja tu, mwaka wa 1959, sokoni Kwale. Mwanarusi alikuwa ameketi na mafungu ya mihogo ya babake. Mbwana akasimama mbele yake, mwembamba, kanzu yake haikupigwa pasi.

"Siku ile ya kwanza hukujua," alisema baada ya salamu. "Nimelifikiri sana. Ninakubali kwamba hukujua. Lakini zile nne za mwisho ulijua."

"Nilijua. Niliambiwa nisipocheka utafukuzwa."

Hilo lilikuwa jipya kwa Mbwana.

"Ningeiacha kazi ile," alisema.

"Na mimi nilikuwa nangojea uiache. Siku ambayo usingepanda, ningetoka nyuma ya makuti. Kila Jumamosi nilisikiliza, na kila Jumamosi nilisikia miguu yako inakuja na sinia."

Mbwana aliitazama mihogo. Akachagua fungu moja, akaligeuzageuza, akalirudisha mahali pake.

"Biasha hajambo," alisema, ingawa hakuwa ameulizwa, akaondoka.