Seva Iliyopumzishwa Kakuma

Mpaka leo nikipita mbele ya kile kituo cha kompyuta cha Kakuma hasira hunipanda, na sioni sababu ya kuishusha. Mimi si mtu wa kukasirikia vitu vidogo. Nilizaliwa Kalokol, nikaanika samaki mpaka mikono ikanuka darasani, nikajisomesha diploma Eldoret bila mjomba wala mheshimiwa, nikaenda Doha kufanya kazi katika ukumbi wa seva uliokuwa mkubwa kuliko soko zima la Lodwar. Wapo waliorudi kwa sababu walifukuzwa. Mimi nilirudi kwa sababu nilitaka mitambo ya kwetu ishikwe na mtu wa kwetu anayeijua. Na ninaijua.

Shirika lililoniajiri lina ofisi kuu Lodwar, na Kakuma lina kituo ambapo wakimbizi na wenyeji husomea kozi za chuo kimoja cha Nairobi. Kinachokaa mezani mbele ya mwanafunzi ni skrini na kibodi tu. Kompyuta yenyewe ni mashine pepe, inaishi ndani ya seva tatu zilizomo katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya meneja. Seva hizo tatu ni kundi moja, zinabebeana mizigo. Hilo ndilo wingu letu. Halikuletwa na mtu mwingine. Nililijenga mimi, waya kwa waya.

Mwaka huo toleo la mfumo tulilokuwa nalo lilikuwa linaachwa na watengenezaji, na matundu yake ya usalama yalikuwa yameanza kutajwa kila mahali. Ilibidi tupande toleo jipya. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kubandika viraka, leo seva hii, kesho ile, mpaka kila moja inakuwa na mambo yake na hakuna anayekumbuka nani ana nini. Siku hizi unatengeneza imeji moja ya kundi zima: mfumo, nyongeza za kiwanda, na madereva, yaani programu zinazoendesha kadi zote za ndani. Kisha kila seva inalinganishwa na imeji hiyo, na isiyofanana nayo inarekebishwa mpaka ifanane. Ni kama mbuzi wa boma moja: masikio yote yanakatwa alama moja, na mgeni anaonekana mara moja.

Utamu wake ni kwamba hakuna anayesimamishwa kazi. Seva ya kwanza ikiingia matengenezoni, mashine pepe zake huhamia kwa jirani zikiwa zinaendelea kufanya kazi. Nilikuwa nimejaribu kwenye seva za ofisi ya Lodwar, nikamweka karani aandike barua huku naihamisha mashine yake. Hakukwama hata herufi moja. Aliponiuliza nitaanza lini, nilikuwa nimeshamaliza. Kwa hiyo niliposhuka Kakuma katika wiki za mitihani, sikuwa na wasiwasi. Siku isiyo na mtihani haikuwepo, na matundu ya usalama hayasubiri kalenda ya chuo.

Asubuhi nilimwendea meneja wa kituo. Ni mtu wa Kenya ya chini, kama tunavyowaita wote wanaopandia Kitale kuja kwetu, mcha Mungu, mwenye sauti ya kuhubiri hata anapoagiza chai.

"Ejok, bosi," nikamsalimu kwa Kiturkana. "Leo nagusa seva. Naomba chumba kile mtu asikiingie."

"Ejok-noi, Injinia wa Doha. Chumba ni chako. Mimi kazi yangu ni kukuombea."

"Niombee ukiwa nje ya mlango."

Akacheka sana. Nilipaswa kukumbuka kwamba kucheka si kukubali.

Huyu bwana alikuwa na desturi. Kabla sijarudi na kulijenga kundi hili, chumba cha seva kilikuwa na mitambo ya kale na kiyoyozi kimoja kibovu, na jua la Kakuma la saa sita halina utani. Basi kila mchana aliingia, akaweka kiganja juu ya kila seva kama mama anayempima mtoto homa, na iliyokuwa na joto zaidi akaizima ili ipumzike. Wafanyakazi walikuwa kwenye chakula, hawakugundua. Wakirudi na kukuta kitu kimekatika, wanalaumu mtandao. Nilipofika niliagiza kiyoyozi cha pili, nikamweleza mwenyewe ana kwa ana kwamba siku za kupumzisha zimekwisha. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ile seva ya kwanza ilikuwa nje, inavaa imeji mpya. Mzigo wake wote ulikuwa umehamia ya pili. Na seva iliyobeba mizigo miwili inapata joto. Hilo hata mpishi wa kantini angeelewa.

Nilikuwa nimekaa na laptopu yangu kwenye veranda, naangalia hatua zinavyosonga, kila kitu kijani. Ghafla seva ya pili ikawa nyekundu. Ikatoweka na kila kilichokuwa ndani yake, na ya tatu peke yake haikuwa na nafasi ya kukipokea. Nikakimbia. Nikakutana na meneja akitoka katika kile chumba, anajifuta mikono kwa leso.

"Ile ya katikati ilikuwa moto kama jiko," akaniambia. "Nimeipumzisha. Ungeichoma, Injinia."

Sitaandika nilichomjibu. Niliongea Kiturkana, na alielewa.

Katika chumba cha mitihani alikuwa amebaki mtahiniwa mmoja. Wenzake walikuwa wamemaliza na kuondoka. Huyu alikuwa mama kutoka Kongo, mtu wa Uvira, na ile ilikuwa karatasi yake ya mwisho ya diploma ya uhasibu. Msimu uliopita aliikosa kwa sababu alikuwa anajifungua. Alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi, mikono bado juu ya kibodi.

"Papa, mashini imekufa," akasema. "Nilikuwa nabakisha swali moja tu. Juu ya nini imekufa?"

Nilijaribu kuokoa. Nikaiwasha seva ya pili, nikaifufua mashine yake, lakini majibu yalikuwa hayajatumwa chuoni na hayakuwemo. Mimi ninajua diploma inapatikana vipi. Watu wenye digrii hudharau cheti hicho kama kitambaa cha kufutia viatu, lakini mimi na yule mama tunajua bei yake.

Chuo kilikuwa na kanuni mbili. Stima ikipotea, ni majaliwa: mtahiniwa anangoja msimu mwingine. Kosa likiwa la kituo, anapewa karatasi mpya siku hiyohiyo, na meneja wa kituo anapata onyo. Meneja alizijua kanuni hizo kuliko Zaburi. Akampigia ofisa wa mitihani wa chuo palepale katika chumba cha mitihani, na mimi nikamlazimisha aweke spika.

"Madam, habari za Nairobi? Huku kwetu tumepata changamoto kidogo. Unajua mambo ya Turkana. Stima..."

"Stima iko!" nikapiga kelele.

"Nani huyo?" sauti ya madam ikauliza.

"Ni fundi tu, madam."

"Fundi ni wa baiskeli!" nikasema. "Mimi ndiye mwenye seva hizi, na zilikuwa nzima mpaka mtu alipoizima moja kwa mkono wake!"

"Injinia, nidhamu," meneja akanong'ona, amefunika simu kwa kiganja. "Usinivunjie heshima mbele ya watu. Atarudia msimu ujao, si mwisho wa dunia."

"Mwisho wako haujafika. Wake ndio huu."

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akasogea mpaka kwenye meza, akainamia simu bila kumwomba mtu ruhusa.

"Madam, shikamoo. Ni miye mwenye kufanya mutihani. Feni hapa inazunguka. Inazunguka tangu asubuhi, haijasimama hata kidogo."

Feni ya dari ikaendelea kulia juu ya vichwa vyetu.

"Meneja," madam akasema polepole, "ni nani aliyezima?"

Nilimtazama. Nilikuwa tayari kumtaja jina, cheo na kanisa lake. Jasho lilimtoka chini ya kola.

"Ni mimi," akasema. "Nilidhani nasaidia."

Akapewa onyo lake, na mama akapewa karatasi mpya alasiri ileile. Nilisimamisha upandishaji, seva moja ikiwa na toleo jipya na mbili la zamani, kitu ambacho hakijawahi kunitokea Doha, nikaweka kiti mbele ya mlango wa chumba cha seva na ufunguo mfukoni. Meneja alipita mara kadhaa akijifanya anatafuta kitu. Baadaye alinishtaki Lodwar kwa utovu wa adabu, nikaitwa kujieleza, na nikayarudia maneno yaleyale mbele ya wakubwa, kwa sauti ileile.

Lakini siku ile nilikaa mlangoni mpaka yule mama akatoka, kitenge kimelegea begani, macho mekundu.

"Umemaliza yote?" nikamuuliza. "Na lile swali la mwisho?"

"Lile ndilo nilianza nalo," akasema. "Nikatoka nyuma kuja mbele. Nilikuwa naogopa mutazima tena."

Nilitaka kumweleza kuhusu imeji, kuhusu mashine zinavyohama bila mtu kujua, kwamba kazi yangu haikuwa na kasoro hata kidogo. Alikuwa ameshafika getini, anamwita mtoto wake.