Nafaka Shingoni mwa Njiwa

Kwa miaka mingi ya utumishi wangu nilikuwa mkaguzi wa shule. Kazi hiyo ilinizoeza kuandika nilichokiona kwa macho yangu tu. Mwalimu mkuu aliponiambia kwamba watoto wa darasa la nne wanasoma vizuri, niliomba kitabu, nikaingia darasani na kuwasikiliza wakisoma. Nilipostaafu na kurudi kwetu, mwendo mfupi kutoka Ngulyati, nilirudi na tabia hiyo, pamoja na bunduki moja ya marisawa yenye kibali halali. Kwa sababu ya bunduki hiyo, serikali ya kijiji iliniomba niwapige ndege waharibifu kila msimu wa kupanda.

Uharibifu wao si mdogo. Mvua za kwanza zikishanyesha na mahindi yakishafukiwa, njiwa hushuka asubuhi makundi kwa makundi, wakiokota punje zilizofukiwa juujuu. Kunguru huja siku chache baadaye, mche ukishatoa jani. Huushika mche kwa mdomo, huung'oa, hula punje iliyo chini, kisha huuacha umelala juani. Hufuata mstari uleule aliofuata mpandaji, shimo baada ya shimo, na mkulima akirudi saa nne hukuta kwamba jana yake imefutwa.

Niliwavizia nyuma ya ua wa minyaa. Sikupiga kuelekea kwenye nyumba, wala sikumpiga ndege aliyetua mgongoni mwa ng'ombe, kwa maana marisawa hutawanyika na hayachagui. Nilikuwa na daftari. Watu walisema kunguru huitambua bunduki. Nilipita shambani na mpini wa jembe begani, hawakuruka. Nilipita na bunduki, wakaruka wote. Hilo nikaliandika. Walisema pia kwamba kunguru aliyekufa akitundikwa kwenye mti shambani, wenzake hawarudi msimu mzima. Nilitundika mmoja. Walirudi siku ya tano. Hilo nalo nikaliandika.

Zaidi ya hayo, kila ndege niliyempiga nilimpasua kile kifuko cha shingoni anamohifadhi nafaka kabla haijashuka tumboni, nikaona alichokula. Mara nyingi zaidi nilikuta mbegu za magugu kuliko mahindi, jambo lililowaudhi majirani waliotaka kusikia kwamba kila njiwa ni mwizi.

Kaka yangu, tuliyefuatana kuzaliwa, aliishi upande wa pili wa shamba langu. Mwaka ule alikuwa ametoka kuugua kwa muda mrefu na chakula kilikuwa hakimpiti. Asubuhi moja shemeji yangu, mke wake, alinikuta nikisafisha mtutu.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka na maneno. Anasema hataki uji wangu, anataka njiwa wa machungani."

Nilielewa mara moja. Tulipokuwa tukichunga ng'ombe wa baba, tuliwanasa njiwa kwa mitego ya singa za mkia wa ng'ombe, tukawachoma bila kuwatoa kile kifuko. Mtama uliokuwamo uliiva ndani kwa mvuke na mafuta ya ndege mwenyewe. Tuliugawana punje kwa punje. Kaka alikuwa mkubwa, hivyo kifuko kilichonona kilikuwa chake.

"Kasema usivipasue," shemeji aliongeza. "Kasema, mwambie huyo mkaguzi asinikagulie chakula changu."

Siku hiyo niliwapiga njiwa sita walipokuwa wakiinuka kutoka shambani kwangu. Wanne nilimpa shemeji bila kuwapasua. Wawili nikawapeleka kwangu. Ni mara ya pekee katika miaka yote hiyo niliyompa mtu ndege bila kujua amekula nini.

Kabla ya saa tisa shemeji alimtuma mtu kuniita. Kaka alikuwa amekunywa supu na kula vifuko vyote vinne, kisha akaanza kutapika, jasho likimtiririka na mikono ikimtetemeka. Tulimpakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na mimi, tukampeleka zahanati. Muuguzi aliuliza amekula nini. Nikajibu kwamba amekula njiwa.

"Njiwa wa wapi?"

"Wa shambani."

Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisema, si kwa sauti kubwa, "Basi kuna mtu amemwaga sumu." Nilimsikia. Nilikuwa nimemshika kaka kichwa.

Walimtundikia maji. Jioni ilipokaribia akafumbua macho, akasema, "Ulinikosa kwa bunduki, umenipata kwa supu." Nilijua kwamba atapona.

Niliporudi nyumbani bado kulikuwa na mwanga. Niliwachukua wale njiwa wawili, nikakaa barazani na kuwapasua. Ndani ya vifuko vyao mlikuwa na mahindi, na mahindi hayo yalikuwa na rangi ya waridi. Niliingia ghalani, nikachukua mfuko wa mbegu niliyokuwa nimeinunua Bariadi mjini, nikamimina zilizobaki kiganjani. Rangi ilikuwa ileile, na ukubwa uleule. Nyuma ya mfuko palikuwa na onyo kwamba mbegu imepakwa dawa, isiliwe na binadamu wala mnyama. Onyo hilo nilikuwa nimelisoma kabla ya kupanda, kwa sababu mimi husoma kila kilichoandikwa. Katika mashamba yaliyopakana na langu hapakuwa na mwingine aliyepanda mbegu ya dukani. Wote walipanda ya kwao waliyoiweka akiba, nyeupe. Zile punje nilizozitoa vifukoni, kumi na moja, nilizifungia ndani ya kiberiti kitupu.

Sitaki kudai zaidi ya ninachojua. Hakuna aliyenipa cheti kinachosema kwamba dawa ile ndiyo iliyomwangusha kaka, wala si udhaifu wa tumbo lililokwisha kuugua. Lakini nilijua nafaka ile ilitoka shambani mwa nani.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaenda zahanati, kitongoji kizima kilikuwa kimekwisha kumpata mkosaji. Alikuwa jirani yetu aliyehamia kutoka upande wa Bukundi na ng'ombe wake, mtu wa kazi, mkulima wa pamba, mwenye pampu na dawa za kuulia wadudu. Kwenye mashine ya kusaga aliwahi kusema kwamba mwaka huu ndege watamjua. Aliyeyasikia maneno hayo alimweleza mwingine, na yalipofika kisimani yalikuwa yamekuwa kwamba alionekana akimwaga sumu mipakani. Nilimuuliza kila mtu aliyenieleza habari hiyo kama alimwona yeye mwenyewe. Hakupatikana hata mmoja. Mkutano wa kitongoji uliitwa kwa siku ya tatu, na ilijulikana wazi kwamba hoja ni kumtenga.

Anayetengwa kwetu hapigwi wala hafukuzwi. Hasalimiwi tu. Hapewi moto, hachoti maji penye watu, haazimwi maksai wa kulimia, na akifiwa huchimba kaburi peke yake. Mtu huyo alikuwa na mama aliyelala kitandani miezi mingi, ambaye kila mmoja wetu alijua kwamba hatauona mwaka mwingine.

Mchana wa siku ya pili alikuja kwangu. Hakuketi nilipomkaribisha, akaniamkia kwa heshima anayopewa babu.

"Mwadila, guku."

"Mwadila."

"Guku, wewe ndiye unayeandika habari za ndege hawa. Nimekuja uniandikie kwamba sikumwaga kitu. Dawa yangu iko kwenye chupa zake, njoo uzione, hazijafunguliwa. Pamba yenyewe haijaota, nimnyunyizie nani?"

Kile kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nikitembea nacho.

"Ushahidi haujakamilika," nikamwambia.

"Bado nini?"

"Nitasema kwenye mkutano nitakachokuwa nacho."

Alinitazama, akavua kofia, akaivaa tena. "Mama yangu anauliza kwa nini leo hakuna aliyekuja kumwamkia," akasema. "Nimemwambia mvua imenyesha, watu wako mashambani." Kisha akaondoka.

Nilikuwa nimelisema neno hilo la ushahidi mara nyingi maishani, na mara zote lilikuwa kweli. Mara hii lilikuwa uongo. Ushahidi ulikuwa umekamilika tangu jana yake. Kilichokuwa bado ni mimi. Niliona haya kuambiwa kwamba mzee anayepasua kila ndege, anayewahoji watu wazima kama watoto wa shule, ndiye aliyemlisha kaka yake mbegu yake mwenyewe yenye dawa. Niliyaacha maneno ya mashineni yafanye kazi ambayo ulimi wangu ulikuwa umeikataa, yaani kumtaja mkosaji asiye mimi.

Nilikwenda zahanati, nikamweleza kaka yote. Alikuwa ameketi, akinywa uji aliokuwa ameukataa.

"Kwa hiyo nimekula mbegu yako," akasema.

"Umeila."

"Itaota?"

Sikucheka. Naye akaacha kucheka. "Yule mtu unamwacha kwa nini?" akauliza. "Mimi nilikuwa nikikunyang'anya kifuko kilichonona," akasema, "nawe ukawa unanishtaki kwa baba mbele yangu, unasema nyasi zilishuhudia. Ulikuwa na miaka sita. Hukuogopa, na nilikuwa na fimbo mkononi."

Mkutano ulifanyika asubuhi mbele ya ghala la pamba. Mwenyekiti wa kitongoji alieleza tatizo, kisha watu watatu wakasimama mmoja baada ya mwingine kueleza walichosikia. Mshtakiwa alikaa mbele peke yake, pande zake zote mbili zikiwa wazi. Niliomba nafasi. Nilifungua kiberiti na kumimina zile punje juu ya karatasi, kisha nikaweka pembeni mfuko wa mbegu kutoka ghalani kwangu. Nikamwomba mwenyekiti aangalie rangi ya vyote viwili, aseme mwenyewe.

"Zinafanana," akasema.

"Hizi zilitoka shingoni mwa njiwa niliowapiga pamoja na wale aliokula kaka yangu. Huu mfuko ni wangu. Hakuna sumu iliyomwagwa. Ni dawa iliyopakwa kwenye mbegu, na mwenye mbegu ni mimi."

Mzee mmoja, rika langu, akauliza kutoka nyuma, "Mkaguzi, na wewe ulijua lini?"

"Siku ileile, kabla jua halijazama."

"Leo ni siku ya tatu."

"Ndiyo."

"Kumbe na wewe huchelewa kusahihisha," akasema. Wachache walicheka. Mshtakiwa hakucheka. Mwenyekiti aliniuliza kama ninaelewa kwamba kuacha mtu asingiziwe ni kosa pia. Nikasema ninaelewa. Waliniamuru nitoe mbuzi aliwe na kitongoji chote, na mshtakiwa awe wa kwanza kupewa nyama, kwa mkono wangu. Nilifanya hivyo mchana uleule. Aliipokea, akasema "Wabeja", neno la shukrani ambalo adabu humlazimu mtu alitamke, akaenda kukaa na watu.

Sikuacha kupiga ndege, kwa sababu miche haikuacha kung'olewa. Lakini nafaka inayoliwa na njiwa wa leo si ile tuliyoichoma machungani. Nilimwomba mtendaji wa kijiji awatangazie watu kwamba njiwa asiliwe mpaka mahindi yafike magotini. Kila ninayempiga kabla ya wakati huo humfukia mwenyewe, pamoja na kunguru, kwenye shimo refu lililo mbali na mbwa.

Kwa wiki kadhaa yule jirani alinisalimu tulipokutana, lakini hakusimama. Sikumdai zaidi ya hapo.

Mama yake alifariki mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele. Nilipofika msibani na jembe langu nilikuta wanaume wa kitongoji chote wamekwisha kufika, hata wale watatu waliokuwa wamesimama mkutanoni. Nilikaa kwenye ukingo wa kaburi, kwa kuwa umri wangu hauniruhusu tena kuchimba kwa zamu ndefu. Kaka alikaa karibu nami na fimbo yake. Kaburi lilipokaribia kukamilika, vijana waliokuwa ndani wakauliza kama kina kinatosha. Wengine wakasema kinatosha, wengine wakasema bado.

Mwenye msiba alikuja mpaka nilipokaa.

"Guku, shuka upime," akasema. "Wewe huamini la kuambiwa."

Vijana wakanishika mikono, nikashuka. Udongo wa chini ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Nilisimamisha mpini wa jembe sakafuni, nikaweka alama kwa kidole mahali ukingo ulipofikia, nikapima tena upande wa miguuni. Niliwaomba wapunguze udongo kidogo kwenye kona moja, nikasubiri mpaka walipomaliza.

"Kinatosha," nikamwambia, akanipa mkono kunipandisha.